Mali Bila Daftari: Ubia wa Migodi Kutoka Mwadui hadi Twiga

Almasi ile ilikuwa na rangi ya waridi na uzito wa karati 54.5. Ilitoka ardhini Mwadui, Shinyanga, Oktoba 1947, na mwenye mgodi, Dkt. John Thorburn Williamson kutoka Kanada, akaitoa zawadi ya harusi kwa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ikapelekwa London, ikakatwa na kung'arishwa hadi ikabaki na karati 23.6, na mwaka 1953 mafundi wa Cartier wakaipachika katikati ya pambo la platini lenye umbo la ua. Malkia alilivaa pambo lile kifuani miaka mingi. Huku Usukumani, waliochimba udongo ulioitoa hawakuwa na sauti yoyote katika zawadi hiyo.

Siku zile hapakuwa na ubia. Mgodi ulikuwa wa mtu mmoja, na jiwe lilikuwa lake kulitoa. Tangu hapo nchi yetu imejaribu karibu kila namna ya kumiliki mgodi pamoja na mgeni: nusu kwa nusu, umiliki wote wa Serikali, robo, hata bila hisa moja. Leo tupo kwenye asilimia 16 zilizoandikwa katika sheria. Kila awamu ilipokelewa kwa vifijo, na baada ya miaka michache vifijo vikageuka manung'uniko. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nikiisoma historia ya migodi yetu kutoka Mwadui hadi kampuni ya ubia ya Twiga, naona kila mara tulibishana juu ya ukubwa wa hisa, na mara chache sana tukauliza nani ameshika mizani na nani anaandika daftari.

Mwadui, nusu kwa nusu

Williamson alikuwa mwanajiolojia aliyesoma Chuo Kikuu cha McGill. Alifika Tanganyika miaka ya 1930, akafanya kazi kwenye machimbo ya almasi ya Mabuki, kusini mwa Mwanza. Machimbo yale yalipofifia aliendelea kutafuta peke yake, kwa fedha za kukopa na homa za mara kwa mara. Machi 1940 akafika penye alichokitafuta: bomba la mwamba wa kimbalaiti lililopanda kutoka vilindi vya ardhi, ambalo uso wake una eneo la hekta 146. Hadi leo ni miongoni mwa mabomba makubwa kabisa ya almasi yaliyowahi kuchimbwa duniani. Pale porini penye mibuyu ukaota mji mzima wenye uzio, hospitali, shule, karakana na uwanja wa ndege.

Tatizo la Williamson halikuwa kuchimba, lilikuwa kuuza. Wakati ule karibu almasi zote za dunia zilipita mlango mmoja, mtandao wa mauzo wa De Beers uliokuwa na makao London. Mtandao huo ndio uliopanga kila mgodi uuze kiasi gani na kwa bei gani. Williamson aligoma. Aliona mawe yake yanathaminiwa chini, akayazuia na kuyarundika kuliko kuyatoa kwa bei asiyoikubali. Mwishowe alikubali kuuza kupitia mlango ule ule, lakini baada ya mabishano ya miaka. Mtu huyu aliyekuwa na mgodi wote mkononi, asilimia mia moja, alijifunza mapema kwamba umiliki wa shimo haumpi mtu bei.

Alifariki Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50, bila mke wala mtoto. Mwaka ule ule warithi wake waliuza mgodi kwa zaidi ya pauni milioni 4, na Williamson Diamonds ikawa mali ya wabia wawili: De Beers nusu, Serikali ya kikoloni ya Tanganyika nusu. Desemba 1961 bendera ilipobadilika, Serikali huru ilirithi nusu ile. Hivyo tulianza uhuru tukiwa na hisa nyingi katika mgodi ule kuliko tulizonazo leo katika mgodi wowote mkubwa wa dhahabu.

Ili kuelewa kwa nini nusu ile haikutosha, inafaa kusogea karibu na meza ya kuchambulia almasi. Mawe yakitoka mtamboni huoshwa kwa tindikali hadi uchafu wote utoke, kisha hupitishwa kwenye chekeche za matundu ya ukubwa tofauti. Baadaye humwagwa juu ya karatasi nyeupe, chini ya mwanga usio na rangi. Mchambuzi hushika koleo kwa mkono mmoja na lenzi ndogo kwa mkono wa pili, akalitazama kila jiwe: umbo lake, ufa uliomo ndani, chembe nyeusi, umanjano kidogo au weupe wa barafu. Kila tofauti ni bei nyingine, na orodha ya bei ina maelfu ya madaraja. Jiwe likishushwa daraja moja tu, thamani yake inaweza kupungua kwa sehemu kubwa, na asiyejua kazi ile hataona kitu. Hakuna aliyeiba na hakuna kufuli lililovunjwa. Ni kauli tu ya mtu aliyekaa mezani.

Sasa fikiria ubia ambao mbia mmoja ndiye anayeendesha mgodi, ndiye mwenye wachambuzi, na ndiye pia mwenye mtandao unaonunua. Mbia wa pili ana nusu ya hisa na viti kwenye bodi. Serikali iliuona upungufu huo na kuanzisha chombo chake cha kuchambua na kuthamini almasi, TANSORT. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini chombo kama hicho kinahitaji watu waliokaa mezani miaka kumi, ishirini, na ujuzi huo haupatikani kwa tangazo la Gazeti la Serikali.

Wetu wote, kisha robo

Azimio la Arusha lilikuja 1967, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mwadui ukawekwa chini ya umiliki wa umma. Mwaka 1972 likaundwa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Msimamo wa Mwalimu Nyerere juu ya madini ulijulikana: mali iliyo ardhini haiozi, inaweza kusubiri hadi Watanzania wapate ujuzi na uwezo wa kuichimba wenyewe. Wengi walimcheka baadaye. Sasa hivi wanaomcheka wamepungua.

Hata hivyo kuumiliki mgodi wote hakukuuokoa Mwadui. Udongo wa juu, uliokuwa na almasi nyingi, ulikuwa umekwisha kuchimbwa. Chini ulibaki mwamba mkubwa wenye almasi chache kwa kila tani, na kazi ya namna hiyo inataka mitambo mikubwa isiyosimama. Miaka ya 1970 na 1980 fedha za kigeni ziliadimika, vipuri vikakosekana, mitambo ikachakaa. Pembezoni, kwenye mji mdogo wa Maganzo, biashara ya mawe ya magendo ikashamiri, na wabeshi, kama watu wa Shinyanga wanavyowaita wanaoingia mgodini usiku kuokota almasi, wakawa sehemu ya maisha ya kila siku.

Mwaka 1994 De Beers walirudi. Safari hii walichukua asilimia 75, Serikali ikabaki na 25. Tulitoka nusu kwenda robo, ndani ya mgodi ule ule na kwa mbia yule yule. Miaka michache baada ya 2000 De Beers nao walichoka, na mwaka 2009 Petra Diamonds ya Uingereza ikakamilisha ununuzi wa hisa zao kwa dola milioni 10 za Marekani. Bomba lile lililouzwa kwa mamilioni ya pauni wakati wa ukoloni lilibadilisha mikono kwa bei ambayo leo haijengi barabara ndefu ya lami.

Hapa inafaa kuitazama nchi nyingine iliyoingia ubia na kampuni ile ile. Botswana ilipata uhuru 1966 ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, na mwaka uliofuata bomba la Orapa likagunduliwa. Serikali yake ilianza na asilimia 15 tu mwaka 1969. Mwaka 1975 ikajadiliana upya na kufika nusu kwa nusu. Haikuishia hapo. Miaka iliyofuata ilidai uchambuzi wa almasi ufanyike nyumbani, vijana wake wakakalishwa mezani na kufundishwa kazi, na kwa mkataba wa mwaka 2011 De Beers wakahamishia Gaborone mauzo yaliyokuwa yakifanyika London. Serikali ikapata pia kampuni yake ya kuuza sehemu ya mawe yenyewe, kwa hiyo ikaweza kulinganisha bei ya mbia na bei ya soko. Ni kweli kwamba Jwaneng na Orapa ni migodi tajiri kuliko Mwadui. Lakini Botswana iliuelewa mapema uzito wa meza ya mchambuzi, ikaidai bila kuchoka kwa miongo minne.

Mgeni njoo

Dhahabu ilikuwa na njia yake. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 Kanda ya Ziwa ilijaa wachimbaji wadogo. Duara zilichimbwa kwa sururu na kamba, mawe yakatwangwa na kuoshwa mialoni, na miji ikaota palipokuwa vichaka. Bulyanhulu, wilayani Kahama, ilikuwa na maelfu ya watu.

Wakati huo huo nchi ilikuwa na madeni, na ushauri wa Benki ya Dunia ulikuwa mmoja kwa Afrika nzima: Serikali ijiondoe kwenye uchimbaji, ivutie mitaji, ikae pembeni ikusanye kodi. Agosti 1996 wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu waliondolewa kwa amri ili kuipisha Kahama Mining Corporation, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Mambo yaliyotokea siku zile mashimo yalipofukiwa yamebishaniwa kwa miaka mingi, na madai ya vifo yalikanushwa na Serikali na kampuni. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba watu wengi walipoteza riziki yao ndani ya siku chache. Mwaka 1999 Barrick Gold iliinunua Sutton, na 2001 mgodi ukafunguliwa rasmi.

Sheria ya Madini ya 1998 ilimruhusu mgeni kumiliki mgodi wa dhahabu kwa asilimia mia moja. Mrabaha wa dhahabu uliwekwa asilimia 3. Kwa maneno mepesi, dhahabu ya shilingi mia ikiuzwa, shilingi tatu zilikuwa za nchi, na hizo nazo zilihesabiwa baada ya kuondoa baadhi ya gharama. Mikataba ilizuia kodi zisibadilishwe kwa miaka mingi. Waliokuwa mezani wakati ule walikuwa na sababu yao. Wakia moja ya dhahabu iliuzwa chini ya dola 300, na mitaji ilikuwa na nchi nyingi za kuchagua. Lakini mkataba wa migodi huishi zaidi ya bei iliyokuwapo siku ya kusainiwa. Kufikia Septemba 2011 wakia ile ile ilikuwa imepita dola 1,900, na mikataba ilikuwa bado inazungumza lugha ya dola 300.

Nzega ilifunguliwa 1998, Geita 2000, Bulyanhulu 2001, Mara Kaskazini 2002. Nchi ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa dhahabu Afrika, na wananchi wakaanza kuuliza fedha iko wapi. Februari 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulisainiwa London, hotelini, na waziri wa nishati na madini wa wakati ule, Nazir Karamagi. Mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, alihoji bungeni kwa nini mkataba wa ardhi ya Kahama ukasainiwe ng'ambo, tena wakati Serikali ilikuwa imesema inapitia upya mikataba yote. Agosti mwaka huo alisimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa. Adhabu ile ilimpa sauti kuliko kiti chake. Novemba Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto mwenyewe akawekwa ndani yake.

Kazi ya Kamati ya Bomani ilizaa Sheria ya Madini ya 2010. Mrabaha wa dhahabu ulipanda hadi asilimia 4, na sasa ukahesabiwa juu ya thamani yote bila kuondoa gharama. Serikali ikapewa haki ya kushiriki hisa kwa majadiliano. Ilikuwa hatua ya kweli. Lakini makontena yaliendelea kuondoka bandarini yamefungwa kwa lakiri, na ndani yake kulikuwa na kitu ambacho wananchi wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake.

Makinikia

Mwamba wa Bulyanhulu na Buzwagi una dhahabu iliyoshikana na shaba. Sehemu ya dhahabu hupatikana mgodini moja kwa moja, ikayeyushwa kuwa mikuo. Sehemu nyingine hubaki ndani ya mchanga laini mweusi wenye shaba, fedha na dhahabu, unaotokana na mwamba kusagwa hadi kuwa unga na kueleshwa majini kwa kemikali. Huo ndio makinikia. Hauwezi kukamilishwa bila mtambo mkubwa wa kuyeyushia, na mtambo huo hatukuwa nao. Kwa hiyo ulipakiwa kwenye makontena ukaenda ng'ambo.

Hapo swali la mizani likarudi kwa nguvu zote. Mkuo wa dhahabu unaweza kuupima na kuutoboa ukajua kilichomo. Kontena la mchanga wa tani ishirini lina maelezo yaliyoandikwa kwenye karatasi. Kuyahakiki kunataka kuchomeka bomba refu sehemu nyingi za kontena, kuchanganya sampuli, kuzikausha, na kuzipeleka maabara ambayo pande zote mbili zinaiamini. Ukikosea kuchukua sampuli, hesabu yote inayofuata ni batili, hata kama kikokotoo hakina kosa.

Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha makinikia. Tarehe 23 mwezi huo Rais John Magufuli alitokea bandarini Dar es Salaam bila taarifa na kukuta makontena 20. Yote yaliyozuiwa yalifika 277. Akaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, mwanajiolojia. Kamati ilifungua makontena 44, ikachukua sampuli, na Mei 24 ikasoma taarifa yake Ikulu huku nchi nzima ikitazama kwenye televisheni. Ilisema wastani wa dhahabu ni gramu 1,400 kwa tani, ambapo nyaraka zilionyesha gramu 200 hivi. Waziri wa nishati na madini, Profesa Sospeter Muhongo, akaondolewa madarakani. Juni 12 kamati ya pili, ya wachumi na wanasheria chini ya Profesa Nehemiah Osoro, ikatoa yake.

Acacia, kampuni iliyokuwa ikisimamia migodi ya Barrick nchini, ilizikataa takwimu hizo, ikasema imetangaza kila kilichokuwamo. Julai ikaletewa madai ya kodi, riba na faini ya dola bilioni 190. Septemba Bulyanhulu ikapunguza kazi na zaidi ya watu elfu moja wakakosa ajira. Kahama iliumia: nyumba za kupanga zikabaki tupu, biashara zikafungwa.

Nani alikuwa sahihi kuhusu gramu zile? Hesabu za pande mbili zilitofautiana mara saba, na hakuna maabara ya tatu iliyowahi kukubaliwa na wote kuamua. Hilo lenyewe ndilo funzo kubwa. Miaka kumi na sita baada ya mgodi kufunguliwa, mwenye ardhi na mchimbaji hawakuwa na mizani moja. Kama ingekuwapo tangu 2001, pasingekuwa na haja ya kuvunja lakiri mbele ya kamera.

Kishika uchumba na harusi

Juni 14, 2017, mwenyekiti mtendaji wa Barrick, John Thornton, alitua Dar es Salaam na kukutana na Rais. Majadiliano yakaanza. Timu ya Tanzania iliongozwa na Profesa Palamagamba Kabudi, mwanasheria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi. Julai Bunge likapitisha sheria tatu kwa mkupuo. Zilitamka kuwa utajiri wa asili ni mali ya wananchi ya kudumu, zikalipa Bunge mamlaka ya kupitia mikataba yenye masharti hasi, zikapandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 6. Zikaipa Serikali angalau asilimia 16 za hisa zisizofifishwa katika kila mgodi mkubwa. Maana yake Serikali haitoi fedha kuzipata, na mwekezaji akiongeza mtaji, hisa zile hazipungui.

Oktoba 19 ulitangazwa muafaka wa awali: asilimia 16, mgawanyo wa nusu kwa nusu wa manufaa ya kiuchumi, na dola milioni 300 za kuonyesha nia njema. Watanzania wakaziita kishika uchumba, na jina likashika. Uchumba wenyewe ulikuwa mrefu. Januari 2019 Barrick iliungana na Randgold, na Mark Bristow, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyezoea kujadiliana na serikali za Afrika, akawa mtendaji mkuu. Septemba 2019 Barrick ilinunua hisa zote za Acacia ambazo haikuwa nazo na kuifuta. Januari 24, 2020, Ikulu ya Dar es Salaam, mikataba ikasainiwa. Ikazaliwa Twiga Minerals: Barrick asilimia 84, Serikali asilimia 16, ofisi hapa hapa nchini. Mei mwaka huo dola milioni 100 za kwanza zikaingia Hazina.

Baada ya Twiga, mfano ukaenea. Nikeli ya Kabanga ikaundiwa Tembo Nickel mwaka 2021. Grafaiti ya Mahenge ikapata Faru, madini adimu ya Ngualla yakapata Mamba, na wakaja pia Duma na Nyati. Karibu kila mgodi mpya mkubwa sasa una jina la mnyama na asilimia 16 ndani yake.

Mwadui nao ulipita moto wake. Septemba 2017 shehena ya zaidi ya karati 71,000 ilizuiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Nyaraka zilionyesha thamani ya dola milioni 14.8, Serikali ikasema ni milioni 29.5. Petra ilijibu kwamba uthamini wa awali ulifanywa na wathamini wa Serikali yenyewe. Miaka karibu sitini tangu ubia wa kwanza, ubishi ulikuwa ule ule wa meza nyeupe na lenzi. Desemba 2021 yalifikiwa makubaliano ya kupandisha hisa za Serikali kutoka asilimia 25 hadi 37, na Januari 2025 Petra ikatangaza kuuza hisa zake zilizobaki na kuondoka. Nyuma yake iliacha pia deni la aina nyingine. Mwaka 2021 ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya wananchi waliosema waliteswa na walinzi wa mgodi, kama madai ya wanavijiji wa Nyamongo dhidi ya mgodi wa Mara Kaskazini yalivyomalizwa London mwaka 2015. Watu hao nao wangestahili kuhesabiwa kuwa wabia.

Daftari la gharama

Mwananchi akiambiwa tuna asilimia 16, anadhani kati ya kila gramu mia kumi na sita ni zetu. Sivyo. Mrabaha ndio unaokatwa kwenye kila gramu inayouzwa, mgodi upate faida au hasara. Hisa hungoja gawio, gawio hungoja faida, na faida ni kile kinachobaki baada ya gharama. Hapo ndipo daftari linapotawala. Kampuni mama huweza kuikopesha kampuni tanzu na kutoza riba, ikatoza ada ya usimamizi, ikauza mitambo na huduma kwa bei iliyopanga yenyewe. Kila shilingi iliyoandikwa kwenye gharama ni shilingi iliyotolewa kwenye faida kabla mbia mdogo hajafungua mdomo. Hata mgawanyo wa nusu kwa nusu unapimwa kwa kodi, mrabaha, ada na gawio vikijumlishwa, na hesabu hiyo husimama juu ya daftari lile lile.

Simdharau aliyeketi mezani 2017. Ule muafaka uliondoa dhana kwamba mkataba uliosainiwa haugusiki, ukarudisha ofisi nyumbani na kuwapa Watanzania viti kwenye bodi. Lakini mjumbe wa bodi asiyeweza kusoma taarifa ya mkopo wa ndani ya kundi la kampuni ni sawa na mbia wa 1958 asiye na lenzi. Nchi inahitaji wakaguzi wa gharama za migodi, wathamini wa almasi na vito, wachukua sampuli na maabara zinazoaminika hata na anayetupinga, kwa idadi kubwa na kwa mishahara itakayowazuia wasihamie upande wa pili wa meza.

Na inahitaji wananchi waone karatasi. Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika sekta ya uziduaji ilipitishwa na Bunge mwaka 2015. Inataka mikataba yote ya uchimbaji iwekwe hadharani. Haihitaji marekebisho wala kamati nyingine, inahitaji kutekelezwa. Msomaji, mbunge wako akija kuomba kura, usimuulize tuna asilimia ngapi. Muulize mkataba uko wapi, na nani alipima.